Harold Wagstaff na zile pauni tano: "mchezaji wa kulipwa" wa raga alikuwa nani hasa?

Mwaka 1906 huko Holmfirth, kamji kadogo ka viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, dogo mmoja wa miaka 15 alisaini karatasi akapewa sarafu tano za dhahabu, kila moja pauni moja. Dogo mwenyewe ni Harold Wagstaff, klabu ni Huddersfield, mji wa jirani kama kilomita kumi hivi, na kuanzia siku ile alihesabika mchezaji wa kulipwa, maana yake asingeruhusiwa tena maisha yake yote kucheza ile raga nyingine, raga ya waungwana. Miaka 15 bana. Hata ndevu hajaota vizuri tayari kafungiwa maisha.

Nimeamua kumtumia yeye kwa sababu hili suala la raga ya kulipwa na raga ya ridhaa watu wengi wanalichanganya, na siwalaumu, maana ukisikia "mchezaji wa kulipwa" leo akili inakimbilia kwenye magari, wakala, mkataba wa mamilioni. Zama za Wagstaff hilo neno lilikuwa na maana nyingine kabisa. Halikuwa linasema unalipwa kiasi gani, wala kama hiyo hela inakutosha kuishi. Lilikuwa linasema uko upande gani wa ugomvi. Na ugomvi wenyewe, amini usiamini, chanzo chake ni mshahara wa Jumamosi asubuhi.

Tuweke sawa kitu kimoja kwanza. Raga ziko mbili. Hii tunayoiona huku kwetu, ile ya Wakenya na timu yao ya Shujaa ya wachezaji saba, ile ya Kombe la Dunia ambayo Afrika Kusini wamebeba mara kadhaa, hiyo ni raga yunioni, ndiyo ile ya waungwana, kwa kawaida watu 15 kila upande. Ya pili ni raga ligi, ndiyo ya Wagstaff, watu 13, inatamba kaskazini mwa Uingereza, Australia, New Zealand na Papua New Guinea. Hapo "ligi" siyo ligi kama Ligi Kuu, ni jina la mchezo wenyewe. Ni ndugu wa baba mmoja waliogombea urithi wakaacha kusalimiana kwa miaka 100. Siongezi chumvi, ni miaka 100 kweli, nitaonyesha hesabu huko chini.

Sasa ugomvi. Miaka ya 1880 mpaka mwanzoni mwa 1890 raga ilikuwa moja tu, inaongozwa kutoka London na watu waliosoma shule za kitajiri. Lakini huko kaskazini, Yorkshire na Lancashire, mchezo ulishashuka kwa wachimba makaa, wafanyakazi wa viwanda vya sufu na pamba, watu wa bandarini na relini. Na hawa ndio walikuwa wanajaza viwanja, watu wanalipa kiingilio, klabu zinaingiza pesa. Tatizo ni kwamba mfanyakazi wa kiwandani Jumamosi anaingia kazini asubuhi, anatoka mchana. Mechi ya nyumbani unaweza kuiwahi, unatoka kiwandani na vumbi lako la sufu kichwani unakimbilia uwanjani. Mechi ya ugenini je? Treni inaondoka asubuhi, kwa hiyo shifti umeikosa, na shifti ukiikosa hulipwi, na usipolipwa nyumbani watoto wanakula nini. Daktari au mwanasheria wa London hakuwa na shida hiyo, yeye Jumamosi ni mapumziko, anacheza, anakunywa bia, anarudi nyumbani, mshahara wake uko pale pale.

Klabu za kaskazini hazikuomba mishahara ya wachezaji. Hapa ndipo watu wanapokosea. Ziliomba ruhusa ya kumfidia mchezaji ule muda wa kazi aliopoteza, basi. Hoja ikapelekwa kwenye mkutano mkuu London Septemba 1893, wajumbe wa Yorkshire wakapanda treni kwenda kuitetea, ikapigwa chini kwa kura 282 dhidi ya 136. Na kuna kamchezo kalichezwa pale, upande wa wapinzani uliingia na kura za uwakilishi zaidi ya 100 mfukoni, yaani watu ambao hawakuja lakini kura zao zimekuja. Nadhani haka kamtindo tunakajua, vyama vya michezo viko vile vile kila mahali.

Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa klabu za kaskazini wakakutana George Hotel, Huddersfield (ndiyo, mji ule ule wa baadaye wa Wagstaff) na klabu 21 zikaamua kujitoa na kuanzisha chama chao, Northern Union, ambacho mchezo wake ndio uliokuja kuitwa raga ligi. Huddersfield yenyewe ilikuwamo. Wagstaff wakati huo ana miaka minne. Fidia wakaiweka kuwa shilingi sita kwa siku, ndiyo hiyo hiyo shilingi ambayo jina lake likaja kuingia huku Afrika Mashariki, 20 zinafanya pauni moja. Kwa hiyo zile pauni tano za Wagstaff ni shilingi 100, sawa na siku 17 hivi za fidia. Kwa mtoto wa kijijini ni hela nyingi sana. Kwa maisha ya kufungiwa milele kwenye mchezo mwingine, mimi naona walimpata kwa bei ya kutupa.

Jibu la London lilikuwa kali. Ukicheza na klabu ya Northern Union, au ukicheza dhidi yake, hata kama hujapokea senti, wewe ni mchezaji wa kulipwa na umefungiwa maisha. Soma tena hiyo. Hata kama hujapokea senti. Ndiyo maana nasema hilo neno halikuwa linahusu pesa, lilikuwa ni muhuri unaogongwa na mtu mwingine. Mchezaji wa kijijini aliyecheza bure kabisa raga ya kaskazini alikuwa "wa kulipwa", na mwungwana wa kusini aliyerudishiwa nauli na gharama za hoteli kwa ukarimu mkubwa alikuwa "wa ridhaa".

Kinachochekesha zaidi ni kwamba hata hao Northern Union wenyewe waliogopa hilo neno. Mwanzoni walisisitiza sisi tunafidia tu, hatulipi. Malipo halisi waliyaruhusu 1898, na hapo hapo wakaweka sharti kwamba mchezaji lazima awe na kazi nyingine ya kweli. Ukipoteza kazi yako ya kiwandani, huchezi mpaka upate nyingine. Na siyo kazi yoyote, kulikuwa na kazi zilizokatazwa, mfano kuhudumu baa au kuhesabu pointi kwenye meza za biliadi, kwa sababu walijua klabu zitampa mchezaji kazi ya jina tu, anashinda amekaa baa analipwa. Kwa sisi hii siyo ngeni sana. Timu zetu za majeshi na za mashirika, mchukulie mchezaji wa Tanzania Prisons pale Mbeya, mtu yuko uwanjani lakini kwenye makaratasi ni askari magereza. Tofauti ni kwamba huku ajira ndiyo inakupa timu, kule timu ilikuwa inakutaka uonyeshe ajira. Sharti hilo likafutwa 1905, mwaka mmoja tu kabla dogo wetu hajasaini.

Na mwaka huo huo aliosaini, 1906, mchezo wenyewe ukabadilika sura. Northern Union walikuwa wameshaanza kupunguza yale mambo yanayochosha watazamaji, 1897 walifuta ule mstari wa kurushiana mpira kutoka pembeni, wakashusha mabao ya mateke yote kuwa pointi mbili ili watu wakimbize trai (kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani) badala ya kupiga mateke tu. 1906 wakatoa wachezaji wawili, kutoka 15 kubaki 13, na wakaleta utaratibu wa aliyeangushwa kusimama na kuurudisha mpira nyuma kwa mguu, badala ya ule msongamano wa miili ambao mtu akiwa jukwaani haoni kitu. Watu husema ni kwa ajili ya burudani. Ni kweli, ila weka na hesabu hii, ukitoa wachezaji wawili kila upande umepunguza posho mbili na nauli mbili kila wiki, na klabu nyingi zilikuwa zinapumulia mashine. Mchezo uliotokana na ubishi wa mshahara uliendelea kuchongwa na mshahara, sheria moja moja.

Kwa hiyo Wagstaff alikuta uwanja mpya. Tarehe 10 Novemba 1906 akaichezea Huddersfield kwa mara ya kwanza, dhidi ya Bramley, akiwa na miaka 15 na siku 175. Hakukuwa na kocha aliyekulia kwenye raga ya watu 13 wala mzee wa kumwambia sisi zamani tulifanya hivi, kila mtu alikuwa anajifunza. Nafikiri hapa ndipo bahati yake ilipo, nafasi zimeongezeka uwanjani, watu wazima bado wana mazoea ya 15, na dogo mwenye akili anaona mianya ambayo wao hawaioni.

Alikuwa anacheza senta, yaani katikati ya safu ya nyuma. Hakuwa yule wa kuruka juu ya watu au kukimbia kama swala, sifa yake ilikuwa kichwa. Timu nyingi zilikuwa bado zinapenda kupiga mpira mbele na kuufukuzia, Huddersfield chini yake wakawa wanaushika, wanapasiana, wanaupeleka huku, wanaurudisha kule, mpaka mabeki wachoke kufikiri. Kuna mbinu yao moja ilipewa jina la "kizuizi cha kisayansi". Mchezaji anatoa pasi halafu anaendelea kukimbia kama vile hana habari, ila kwa bahati tu (bahati gani) anajikuta amepita katikati ya mwenye mpira na yule anayetaka kumwangusha. Refa akiangalia, jamaa hajamgusa mtu. Wapinzani walilalamika sana na kusema kweli nawaelewa.

Akiwa na miaka 17 tu tayari kachezea Yorkshire na England. Baadaye kidogo ndiye nahodha wa Huddersfield, kijana wa miaka ya ishirini anawaongoza watu wazima, na timu yenyewe waliiita timu ya vipaji vyote. Angalia walivyokusanyika, maana hapo ndipo unaona mtandao wa hii raga ya kulipwa ulivyokuwa mpana. Albert Rosenfeld, winga kutoka Sydney, alikuja Uingereza 1908 na msafara wa kwanza kabisa wa Australia, akasajiliwa na Huddersfield na hakurudi kuishi kwao tena. Msimu wa 1913/14 alifunga trai 80. Themanini! Rekodi hiyo mpaka leo hakuna aliyeivunja. Ben Gronow alitoka Wales, na historia yake ni tamu, Januari 1910 ndiye aliyepiga mpira wa kuanzisha mechi ya kwanza ya kimataifa, England na Wales, kwenye uwanja wa Twickenham, makao ya raga ya waungwana kabisa. Miezi michache baadaye kasaini Huddersfield, na uwanja ule ule alioufungua kwa mguu wake asingeruhusiwa tena kuuchezea. Halafu kuna Douglas Clark, mchezaji wa skramu (wale majitu wanaosukumana vichwa chini kugombea mpira) aliyekuwa mtu wa makaa ya mawe, ana nguvu za kutisha, pembeni anapiga mieleka.

Hao ndio wachezaji wa kulipwa, na ni mastaa, wenye majina yanayotajwa magazetini. Na bado Jumatatu kazini kama kawaida. Malipo ya klabu nyingi yalikuwa kwa mechi, ukishinda unapata zaidi, ukipoteza unapata kidogo, ukiumia unategemea huruma ya viongozi. Walikuwepo wachache wa bei kubwa, mfano Billy Batten aliyenunuliwa na Hull kutoka Hunslet mwaka 1913 kwa pauni 600, ada iliyovunja rekodi wakati huo. Lakini ada ya uhamisho inaenda klabu kwenda klabu, mchezaji anasikia harufu tu. Kumwita Batten ndiyo picha ya raga ya zamani ni sawa na kumwangalia mchezaji mmoja ghali wa Simba ukasema wanasoka wote wa Tanzania wana majumba.

Sasa niwapeleke Sydney, Julai 1914, maana hii mechi moja inaonyesha kila kitu.

Wagstaff ana miaka 23, ni nahodha wa msafara wa Uingereza kule Australia. Mechi ya kwanza Juni 27 wameshinda 23 kwa 5. Ya pili Juni 29, siku mbili baadaye tu, wamepoteza 12 kwa 7. Ya tatu ilipangwa iwe mbele kidogo, Melbourne, ila wenyeji wakaona wakiipeleka Sydney haraka wakati joto liko juu watauza tiketi za kufa mtu, wakaivuta mpaka Julai 4. Yaani mechi tatu za kimataifa ndani ya siku nane. Waingereza wana majeruhi kibao, viongozi wa msafara wakagoma, simu ya maandishi ikapigwa nyumbani, na jibu la mabosi likarudi kwamba mnacheza, na England inamtarajia kila mtu atimize wajibu wake. Maneno hayo ni ya Admirali Nelson kabla ya vita vya baharini vya Trafalgar. Mtu yuko ofisini kwake Uingereza anakunywa chai, anakutumia maneno ya Nelson ukavunjwe mbavu. Kwa hiyo ukiwa wa kulipwa maana yake na hii pia ipo, mwili wako una ratiba ambayo siyo wewe unaipanga.

Wakaingia. Dakika za mwanzo tu Frank Williams kaumia mguu. Douglas Clark akavunjika kidole gumba, wakamfunga akarudi. Hata hivyo mpaka mapumziko Uingereza wanaongoza 9 kwa 0. Kipindi cha pili Clark akavunjika mfupa wa bega, wakamfunga tena, akajaribu kurudi, akashindwa, akatoka analia, jitu lile la makaa na mieleka linatoka linalia. Williams naye mguu ukagoma kabisa. Halafu Billy Hall akapigwa kichwani akabebwa. Zama hizo hakuna kubadilisha mchezaji, aliyetoka katoka. Wamebaki 10 dhidi ya 13 na nusu saa nzima bado.

Wagstaff akawapanga upya, mtu wa skramu akasukumwa winga, kila mtu anafanya kazi mbili. Na katikati ya hali hiyo, badala ya kujikunyata, akapenya katikati yeye mwenyewe, akavuta mabeki, akampasia Chick Johnson, huyo huyo mtu wa skramu aliyepachikwa winga. Johnson hana mbio za winga na anajua. Akaudondosha mpira chini akaanza kuukokota kwa mguu kama mchezaji wa soka, mpira wa raga huo, umbo la yai, unaruka unavyotaka wenyewe, na yeye anaugusa, unatulia, anaugusa tena, watu uwanja mzima wamesimama, mpaka akauangukia ng'ambo ya mstari. Trai. Australia walipata trai mbili mwishoni watu wakiwa wamekwisha, ila mechi ikaisha 14 kwa 6.

Waandishi wakaipa jina la Rorke's Drift, kwa kufananisha na kituo cha Waingereza wachache kilichozingirwa na jeshi la Wazulu huko Natal mwaka 1879. Mimi kama Mwafrika hilo jina silipendi sana, maana kwenye mfano huo sisi ndio "Waaustralia" wa kushindwa, na kwenye nchi yetu wenyewe. Lakini ndilo lililobaki, huwezi kuieleza mechi hii bila kulitaja.

Mwezi mmoja baadaye vita kuu ikaanza. Msimu wa 1914/15 bado ukachezwa, na Huddersfield wakabeba vikombe vyote vinne vilivyokuwepo. Fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano, waliipiga St Helens 37 kwa 3, ubingwa waliichapa Leeds 35 kwa 2, Kombe la Yorkshire Hull wakala 31 kwa 0. Hizo ni fainali jamani, siyo mechi za kirafiki. Ila kwenye hiyo fainali ya St Helens kuna kitu kilitokea vyumbani ambacho kwangu ni muhimu kuliko matokeo, wachezaji wa St Helens walitishia kugoma kabla ya mechi kwa sababu klabu ilikataa kuwapa bonasi, nahodha wao akawabembeleza ndiyo wakaingia. Sasa umeingia fainali dhidi ya timu bora ya zama zile, hujui kama utalipwa, kichwani unabishana na bosi. 37 kwa 3 imeelezeka.

Vita ilileta kituko kingine. Wagstaff, Clark, Gronow na Rosenfeld wote wakajikuta jeshini kwenye kikosi cha usafirishaji, kambi ya Grove Park huko London. Na jeshini raga inayochezwa ni ya waungwana. Wakubwa wa raga yunioni mwanzoni walisita, halafu mwaka 1916 wakakubali kwamba kwa muda wa vita tu, wale waliofungiwa maisha wanaweza kucheza wakiwa wamevaa sare. Kambi ikaunda timu, ndani yake hao mastaa wa Huddersfield, na msimu mzima wakafungwa mechi moja tu. Wakawa wanawatandika maofisa kwenye mchezo wao wenyewe. Ikabidi vita ya dunia ije ndiyo dhambi ya pauni tano isamehewe, na vita ilipoisha msamaha nao ukaisha, mlango ukafungwa tena kama kawa.

Si wote waliorudi. Fred Longstaff, mmoja wa ile timu ya vikombe vinne, aliuawa Ufaransa 1916. Clark alivuta gesi ya sumu akajeruhiwa vibaya, akapewa nishani, na bado akarudi kucheza. Mpaka 1920 alikuwa kwenye msafara wa Uingereza kwenda Australia tena, nahodha tena Wagstaff. Na huo msafara ukaigharimu klabu, maana Huddersfield walikuwa wameshachukua vikombe vitatu msimu ule na wako fainali ya ubingwa, na wachezaji wao watano akiwemo Wagstaff wako melini wanaelekea Australia. Wakafungwa na Hull 3 kwa 2. Trai pekee ya mechi ilifungwa na nani? Batten, yule wa pauni 600. Mshahara unalipwa na klabu, taifa linakuchukua wakati linapotaka, huo mgogoro tunaouona leo mastaa wakiitwa AFCON katikati ya msimu una umri wa zaidi ya miaka 100.

Wagstaff alistaafu 1925, mechi zaidi ya 400 kwa klabu ile ile iliyompa sarafu tano. Hakuwahi kuwa tajiri. Akawa anaendesha baa, kazi waliyoangukia wastaafu wengi wa raga kwa sababu jina lako linavuta wateja, na akafundisha timu za Halifax na Broughton Rangers. Rosenfeld, mwenye trai zake 80, alibaki Huddersfield akafanya kazi ya kuzoa taka. Ukikutana naye barabarani asubuhi na mapipa usingejua unapishana na rekodi ambayo haitavunjwa.

Wagstaff alifariki Julai 1939, umri miaka 48 tu. Mwaka 1988 raga ligi ya Uingereza ilipoanzisha ukumbi wake wa heshima, majina tisa ya kwanza, yeye yumo, Batten yumo, Rosenfeld yumo.

Na ile hesabu niliyoahidi. Klabu za kaskazini zilijitoa 29 Agosti 1895. Tarehe 26 Agosti 1995 raga yunioni ikatangaza kwamba kuanzia sasa na yenyewe ni mchezo wa kulipwa, wazi wazi, mishahara na mikataba. Pungufu ya siku tatu tu kutimia miaka 100. Na mwanzoni fidia ya muda wa kazi tu ndiyo iliyokuwa imeombwa.